Laptopu ya ex-UK inazima ghafla betri ikiwa 30%: nibadilishe betri au nirudishe mashine?

mnukuzi_kahawa_west

Habari zenu. Naomba msaada wa mtu anayezijua hizi mashine kwa ndani, na nitaeleza kila kitu ili nisijibiwe nusu nusu.

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wananitumia sauti, nasikiliza na kuandika neno kwa neno, mara nyingi Kiswahili kilichochanganyika na Kikamba au Kikuyu. Nalipwa kwa dakika ya sauti. Stima ikipotea jioni huku kwetu inaweza kurudi usiku wa manane, na mteja hilo halimhusu. Faili ikichelewa, kazi inayofuata anapewa mwingine. Ndiyo maana nilipokwenda kununua laptopu sikuanza na RAM. Niliuliza betri inakaa muda gani.

Ni mashine ya mtumba ya kiofisi kutoka Uingereza, ndiyo hizi tunaziita ex-UK, inchi 14, Core i5 ya kizazi cha 8, RAM 8, SSD 256. Bei 31,500, nimelipa kwa M-Pesa na risiti ninayo. Duka ni la katikati ya jiji, jina naliacha. Muuzaji aliniambia mbele ya dada yangu, "Betri iko sawa, masaa manne bila wasiwasi." Pale kaunta ilikuwa imechomekwa na inaonyesha 100%.

Nyumbani nikaichomoa. Kwa kama saa moja hivi, nikiwa nimefungua programu ya sauti na Word peke yake, ilishuka polepole hadi thelathini na kitu. Halafu ikazima. Haikulala, haikuonya kwamba chaji inaisha. Skrini nyeusi, feni kimya, na aya niliyokuwa naiandika ikaenda nayo. Nilipochomeka chaja ikawaka na kuonyesha 6%. Hapo ndipo sielewi kabisa. Zile asilimia nyingine zimeenda wapi?

Risiti imeandikwa waranti miezi 6, na chini kwa herufi ndogo, "betri na chaja hazihusiki". Nimempigia muuzaji, anasema niongeze 4,500 aniwekee betri mpya, na kwamba ex-UK zote ziko hivyo.

Je, ni betri kweli au bodi imeharibika? Hiyo betri "mpya" nitajuaje kwamba ni mpya? Na ni haki mimi kuongeza pesa kwa kitu nilichoambiwa kiko sawa?

mkazi_wa_umoja

Pole dada. Ushauri wangu, usijisumbue na hawa watu. Laptopu ya ex-UK unainunua ukijua betri ni bahati nasibu. Yangu naitumia ikiwa imechomekwa mwaka wa pili sasa, ukichomoa haimalizi dakika kumi. Weka UPS ndogo, ile betri ya akiba ya stima ikipotea, hapo nyumbani, kazi iendelee.

fundi_wa_juu

Ndugu wa Umoja, naomba nikupinge kwa heshima. Si bahati nasibu. Betri ya laptopu ina hesabu zake, na hesabu hizo zimehifadhiwa ndani ya betri yenyewe. Mtu yeyote anaweza kuzisoma akiwa amesimama kaunta, pesa ikiwa bado mfukoni. Kazi yangu ni kufungua hizi mashine, na linaloniuma ni kuona mteja anakagua mikwaruzo ya kifuniko robo saa nzima, lakini ikifika zamu ya betri anaangalia tu kama taa ya chaji inawaka.

Dada, kwanza ujue zinatoka wapi. Nyingi zilikuwa za ofisi za Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Kampuni inazitumia miaka mitatu, minne, kisha inazibadilisha zote kwa mpigo. Huko ofisini nyingi zilikaa mezani zimechomekwa kutwa. Ndiyo maana unakuta kibodi safi, skrini safi, na betri imechoka. Betri za lithiamu huzeeka kwa kutumika na huzeeka pia kwa kukaa tu, na kukaa imejaa 100% huku mashine ina joto ndiko kunakoimaliza haraka. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii haikutembezwa, ilikuwa mezani tu", ameisifu mashine. Betri hajaisifu.

Sasa hilo la kuzima kwa 30%. Asilimia unayoiona kwenye skrini ni makisio. Ndani ya betri kuna kibao kidogo cha saketi chenye chipu inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha inakadiria kilichobaki. Betri ikizeeka, ujazo wake hupungua. Chukua mtungi wa lita 20 uliotiwa mawe ndani: ukiujaza maji hadi mdomoni utaonekana umejaa, na kweli umejaa, ila maji yaliyomo ni lita nane. Hiyo ndiyo 100% uliyoonyeshwa dukani. Jambo la pili ni ukinzani wa ndani, ambao hupanda kadiri seli zinavyozeeka. Mashine ikitaka nguvu ghafla, volti zinaporomoka, na seli moja dhaifu ikigusa kiwango cha mwisho kile kibao kinakata umeme ili kuilinda. Windows haipati hata nafasi ya kukuonya. Ukichomeka tena, chipu imeshajirekebisha, ndipo unaona 6%. Asilimia unazozitafuta hazikuwepo tangu mwanzo.

Kwa dalili ulizotoa, nasema ni betri. Bodi ikiwa na hitilafu, mara nyingi mashine inazima hata ikiwa kwenye chaja. Lakini tupime badala ya kubishana. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport ubonyeze Enter tena. Itakuonyesha imehifadhi faili ya battery-report.html kwenye folda gani. Ifungue kwa kivinjari chochote. Hii kamandi imo ndani ya Windows yenyewe tangu Windows 8, haitaki intaneti wala kupakua kitu. Teremka hadi palipoandikwa Installed batteries unipe namba tatu. DESIGN CAPACITY ni ujazo iliotoka nao kiwandani. FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo inaoweza kubeba leo. CYCLE COUNT ni mizunguko ya chaji, na mzunguko mmoja ni jumla ya 100% iliyotumika, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Mashine nyingine hazionyeshi mizunguko, zinaweka kistari tu, usishtuke.

Na kabla ya hayo yote, ilaze mezani uitazame kwa ubavu. Kama imepanda katikati, au padi ya kipanya imekuwa ngumu kubonyeza, au kifuniko cha chini kimeacha mwanya, izime na usiichaji tena hadi ifunguliwe. Hiyo ni betri iliyovimba, ina gesi ndani.

mnukuzi_kahawa_west

Asante sana fundi, hii ndiyo mara ya kwanza mtu ananieleza hivi. Haijavimba, nimeilaza juu ya meza ya kioo na imekaa sawasawa, padi inabonyezeka kote.

Namba ni hizi: DESIGN CAPACITY 50,040 mWh. FULL CHARGE CAPACITY 21,660 mWh. CYCLE COUNT 612.

Chini kuna jedwali la historia lakini linaanza wiki hii tu. Hilo ni kawaida?

fundi_wa_juu

Ni kawaida. Jedwali hilo linatunzwa na Windows, na duka limeweka Windows upya kabla ya kukuuzia, kwa hiyo historia ya nyuma imefutika. Zile namba tatu za juu hazifutiki hivyo kwa sababu zinasomwa kutoka kwenye chipu ya betri.

Gawanya 21,660 kwa 50,040. Unapata asilimia 43. Mashine ya aina hiyo, ukiwa na sauti na Word, skrini mwangaza wa wastani, inakula wati 10 hadi 15. Betri ikiwa mpya, wati-saa 50 (ndizo zile 50,040 mWh, kila 1,000 ni wati-saa moja) kwa wati 12 ni masaa manne na dakika chache. Unaona muuzaji alikotoa yale masaa manne? Ni hesabu ya betri ilipokuwa kiwandani. Leo umebaki na wati-saa 21 na kidogo, na katika hizo theluthi ya mwisho haishikiki. Saa moja uliyoipata inalingana kabisa na namba.

Mizunguko 612 nayo inaeleza mengi. Betri nyingi za laptopu hutengenezwa zivumilie mizunguko kati ya 300 na 500 kabla ya kushuka hadi kama 80%. Za MacBook za miaka ya karibuni Apple huzihesabia 1,000. Yako imefanya kazi yake na kupita.

Sasa maoni yangu, na hapa najua wenzangu wa kaunta hawatanipenda. Kama skrini, kibodi, bandari za USB na bawaba viko sawa, usirudishe mashine. i5 ya kizazi cha 8 kwa bei hiyo si mbaya, na betri ni kipuri kinachoshikwa na skrubu chache. Lakini betri iliyo chini ya 60% mimi naihesabu kwamba haipo, na bei ya betri inatoka kwenye bei ya mashine. Ikiwa kati ya 60 na 80, mnajadiliana. Juu ya 80 chukua uende. Kwa hiyo usiende kule kuuliza utaongeza ngapi. Nenda na ile ripoti umeichapisha, weka kidole kwenye ile 43, na umuulize masaa manne aliyapata wapi.

wa_milimani

Dada, kuhusu ule mstari mdogo wa risiti. Kenya tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo fulani, lazima ilingane na maelezo hayo, na kumwambia mnunuzi jambo la uongo kuhusu ubora wa kitu ni desturi isiyo ya haki kwa mujibu wa ile ya 2012. Ni kweli kwamba bidhaa ya mtumba haipimwi kama mpya; hakimu hatashangaa betri ya mtumba kuwa imechoka. Nguvu yako iko kwenye lile neno "masaa manne", uliloambiwa mbele ya shahidi baada ya kuuliza mahsusi. Mstari wa herufi ndogo hauwezi kufuta kauli aliyoitoa ili ununue.

Kwanza mwandikie ujumbe wa simu wa adabu, utaje tarehe, bei, alichosema na namba za ripoti. Maandishi yanabadilisha sauti ya mazungumzo. Akikataa kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo hapa Milimani, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na huhitaji wakili. Sidhani kama mtafika huko kwa betri, lakini ukiitaja kwa utulivu utasikilizwa.

mwanafunzi_juja

Samahani kuingilia. Kabla ya kubadilisha betri mhakikishe pia chaja. Dell ya rafiki yangu ilikuwa haichaji kabisa, tukadhani betri imekufa, kumbe ni chaja ya kopi. Ikiwaka ilileta maandishi kwamba aina ya chaja haijatambuliwa.

fundi_wa_juu

Umesema jambo la maana, kijana. Chaja za Dell zile za pini ya duara zina chipu inayozungumza na mashine kupitia ile sindano nyembamba ya katikati. Sindano ikipinda, au chaja ikiwa ya kopi isiyo na chipu, mashine inawaka lakini inakataa kuchaji betri, na inajipunguzia kasi. Watu wengi wamenunua betri bila sababu kwa ajili ya hilo. Kwa dada hapa sivyo, yake inafika 100% vizuri. Lakini anayenunua leo aombe chaja ya wati zile zile zilizoandikwa chini ya mashine, na aangalie asilimia ikipanda kabla hajatoka mlangoni.

Dada, uliuliza utajuaje betri mpya ni mpya, na hili sikulijibu. Hapa mjini neno "mpya" linabeba vitu vitatu: ya kampuni yenyewe, ya kopi kutoka kiwanda kingine, na iliyotolewa kwenye mashine nyingine ikapanguswa. Kopi nzuri zipo na sizikatai. Iliyopanguswa ndiyo ya kukataa.

Mwambie aifungue mashine mbele yako. Usikubali ipelekwe "juu kwa fundi" wewe ukibaki kaunta. Betri ya zamani ikitoka, shika zote mbili mkononi. Namba ya kipuri iwe ile ile au iwe kwenye orodha ya zinazolingana na mashine hiyo, na volti zilingane. Tazama miguu ya plastiki inapopita skrubu: ikiwa na alama za mviringo za skrubu iliyowahi kukazwa, hiyo imeshaishi kwenye mashine nyingine. Gusa kingo za gundi na karatasi ya lebo. Lebo iliyobandikwa juu ya lebo utaihisi kwa kucha hata kama jicho halioni. Na tafuta tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu lithiamu huzeeka hata ikiwa kwenye boksi; ya miaka minne iliyopita usiilipie bei ya mpya.

Kisha endesha ripoti tena. Ila hapa usilegee: chipu inaweza kuandikwa upya. Nimeshika betri zinazosoma mizunguko 0 na ujazo kamili wa kiwandani, na ukizitumia zinakata kama hiyo yako. Namba kwenye ripoti zikiwa mbaya ziamini. Zikiwa nzuri kupita kiasi, zithibitishe kwa saa. Ijaze hadi 100, chomoa, weka mwangaza nusu, zima Wi-Fi, cheza video iliyo ndani ya SSD ijirudie yenyewe, uandike muda. Iache hadi ijizime. Kisha jaza tena usome ripoti, kwa sababu baada ya kushuka na kupanda kote chipu inakuwa imejipima upya. Hili halifanyiki dukani, kwa hiyo muuzaji aandike kwenye risiti, kwa mkono wake na muhuri, kwamba una wiki moja ya kuirudisha betri.

mkazi_wa_umoja

Fundi, nimesoma na nimepima yangu. 9%. Nitakutafuta. Lakini swali, kuna ThinkPad T480 nimeonyeshwa, jamaa anasema betri ni 90%. Nichukue?

fundi_wa_juu

T480 ina betri mbili, kama T470 iliyoitangulia. Moja ya ndani ya wati-saa 24, nyingine ya nje inayochomoka, ambayo inaweza kuwa ya 24 au kubwa hadi 72. Ile ya nje ndiyo rahisi kubadilisha, kwa hiyo ndiyo utakayoonyeshwa. Kwenye ripoti zinakuja bega kwa bega, BATTERY 1 na BATTERY 2. Soma zote mbili. Na uliza ya nje ni ya ukubwa gani, maana 90% ya 24 na 90% ya 72 ni mashine mbili tofauti kabisa.

mnukuzi_kahawa_west

Nimerudi na majibu. Nilituma ujumbe kama alivyosema wa Milimani, kisha nikaenda na karatasi. Mwanzoni kijana wa kaunta alisema hajui hayo mambo ya ripoti. Nikaomba mwenye duka. Alisoma, akaiendesha ile kamandi yeye mwenyewe kwenye mashine yangu, namba zikatoka zile zile. Akasema tugawane, nilipe 1,500. Nilikubali kwa sababu nahitaji kufanya kazi, na kwa sababu alikubali kuandika wiki moja kwenye risiti.

Imefunguliwa mbele yangu. Ya kwanza waliyoleta ilikuwa na zile alama za skrubu, nikaonyesha kwa kidole, ikarudishwa bila maneno mengi. Ya pili miguu yake ilikuwa laini. Ripoti ilisoma 49,300 na mizunguko 1. Nyumbani nimeicheza video hadi ikajizima yenyewe: masaa matano kasoro, na safari hii ilionya kwanza. Nikiwa kwenye kazi halisi nategemea manne.

Wamenipa ile ya zamani. Naiweka wapi? Na hii mpya niitunzeje, maana mchana stima ikiwepo mashine iko kwenye chaja muda wote?

fundi_wa_juu

Umefanya vizuri sana. Ya zamani funika midomo ya kiunganishi kwa utepe wa fundi umeme, usiitoboe, usiitupe kwenye pipa la takataka. Lori la taka likiikandamiza inaweza kuwaka moto. WEEE Centre hapa Nairobi wanapokea takataka za elektroniki, wapelekee. Usimuuzie mtu wa mtaani, maana ndiyo itakayopanguswa apewe mwingine.

Kwa mpya, kwa vile uko kwenye chaja kutwa, iwekee kikomo cha 80%. Kama ni Lenovo, iko kwenye programu ya Vantage. Dell na HP za kiofisi, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijafunguka, unapowasha, kwa F2 kwa Dell na F10 kwa HP, utafute sehemu ya betri. Usiiweke juu ya blanketi au mto ikiwa inachaji. Na Kenya Power wakitangaza matengenezo mtaani kwenu, ondoa kikomo usiku unaotangulia ili ikufikishe 100 asubuhi, kisha ukirudishe baadaye.